Alama ya Sindano

Ti-ti-ti, ti-ti-ti. Ni mabomba ya sindano ya kioo yakigongana ndani ya sufuria, maji yakichemka juu ya mbabula ya makaa. Hata leo nikisikia glasi mbili zikigusana, ninarudi palepale: kambi ya Bambote, wenyeji wa kwanza wa misitu yetu, kando ya njia ya Nyunzu, miaka ya Zaire. Mimi nilikuwa msichana aliyeacha shule katikati. Kazi yangu ilikuwa kuchemsha sindano na kuongea na akina mama.

Kuongea nilijua. Papa muuguzi wa zahanati yetu ya Kalemie aliona haya mbele ya wanawake, basi mimi njo nilieleza kaswende: inavyopita kati ya bwana na bibi, inavyojificha ndani ya damu, inavyoua mtoto angali tumboni, na kwamba ikijulikana mapema inapona. Nilieleza kwa furaha, mikono ikiruka, kama muuza vitenge.

Mama mmoja alikaa mbele, mimba ya miezi mitano. Mimba zake mbili za kwanza zilikuwa zimetoka. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"We mutoto, na wewe ulishapimwa?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi onyesha alama."

Kwao dawa inaingia kwa chale. Aliyetibiwa mgongo ana chale mgongoni. Wa kichwa, kwenye paji la uso. Mwili wa muntu unasomwa kama kadi yetu ya zahanati. Akanivuta mkono, akaugeuza kwenye jua, akapapasa ndani ya kiwiko kwa kidole gumba.

"Sindano haiachi alama," nikasema.

"Haiachi? Mbona macho yako yanakimbia?"

Mwenzake akadakia: "Mupishi huyu hajaonja mboga yake!" Wakaangua kicheko.

Nami nikacheka, lakini masikio yaliniwaka. Mama yule akaachia mkono wangu taratibu, bila hasira, na hilo njo liliniuma. "Siku utapimwa, nami nitapimwa." Akainuka na tumbo lake. Wengine wote wakainuka. Tulirudi na vichupa vyetu vya damu vitupu.

Nyuma ya baiskeli ya Papa nilikuwa ninawaza ile miezi mitano. Mtaani kwetu, msichana akionekana anatolewa damu kupimwa ugonjwa ule, wanasema ameshaharibika. Bambote niliwaambia waache aibu. Ya kwangu niliiacha nyumbani, nimeifunika vizuri.

"Papa, niliwadanganya."

"Nilisikia," akasema, akiendelea kukanyaga. "Kesho uje mapema, kabla ya watu kufika."

"Hapana, Papa. Nitapanga mstari."

Nilipanga. Jirani yetu mmoja alinitazama toka kandambili mpaka kilemba. Nikamsalimia kwa sauti. Papa akachukua damu, akabandika pamba kwa utepe wa sparadra. "Jioni utaitoa," akaniagiza.

Sikuitoa. Siku ya tatu tulirudi kambini. Mama yule akaibandua mwenyewe, polepole. Kwenye pamba kulikuwa na kidoti cheusi cha damu, na chini yake ngozi imevimba kidogo.

"Kadogo kama jicho la samaki ndakala!" Akakaa, akanyoosha mkono wake. Wenzake wakakaa nyuma yake. Damu yake ilikuwa na ugonjwa. Akachomwa sindano yeye na bwana yake, na wakati wa kiangazi mutoto akazaliwa, analia mpaka mbwa wakakimbia.

Hakuna aliyeniuliza pamba ile ilifikaje kavu. Wakati ule, kwetu Kalemie, tulikuwa tunaoga ziwani. Asubuhi zile nilishuka peke yangu, kabla ya wengine na ndoo zao, nikaingia mpaka shingoni, mkono wa kushoto nimeuinua juu kama mwanafunzi anayejua jibu, na kwa ule mmoja uliobaki nikajisugua sabuni.