Mbao Badala ya Bastola

Kwa miaka minne kazi yangu ya Jumapili asubuhi ilikuwa kugonganisha mbao mbili. Nilisimama kando ya barabara moja iliyonyooka katika Zone Industrielle, eneo la viwanda la mji wetu, nyuma ya maghala, mahali ambapo siku za kazi malori hupanga foleni kwenda bandarini na Jumapili hapapiti hata mbuzi. Mbao zilikuwa zimefungwa bawaba upande mmoja, na kila ubao ulikuwa na mpini wake. Nilipaza sauti kwa Kifaransa, kama mwanzishaji wa mbio, "A vos marques!" nikangoja, "Prêts!" nikangoja tena, kisha nikazipiga kwa nguvu zangu zote, pa! Na mdogo wangu akatoka mbio.

Mwanzoni niliona haya. Mimi ni karani wa ofisi pale Rohero, katikati ya mji, mtu wa visigino na kucha za rangi, na huku nimesimama juani napiga mbao kama anayefukuza ndege kwenye mpunga. Walinzi wa maghala walinicheka. Nami niliwacheka wao, maana walikuwa wanalipwa kuangalia milango iliyofungwa na wao wakaangalia wasichana wanaokimbia.

Mbao zilikuwa na sababu yake. Kwingine mbio fupi huanzishwa kwa bastola ya kelele tu, isiyomdhuru mtu. Hapa kwetu, hebu ipige mara moja Jumapili asubuhi uone. Mama anayetoka kanisani atawavuta watoto ndani, mwenye duka atashusha mlango, na kabla hujaitia mfukoni, simu za mji mzima zitakuwa zinaulizana kumetokea nini na ni mtaa gani. Kocha wetu alilijua hilo bila kuambiwa, akamwendea seremala.

Kocha alikuwa mzee mwembamba, mwalimu wa michezo aliyestaafu, na hakuna kitu alichokiamini duniani kuliko krono yake, ile saa ya kubonyeza. Alipima mita mia kwa utepe wa fundi ujenzi, akarudia mara tatu, akachora mistari kwa chokaa. Juu ya mti alifunga kitambaa. Upepo wa ziwani ukikinyanyua sana, muda wa siku hiyo haukuandikwa, hata ungekuwa mzuri namna gani. Alibonyeza krono anapoona mbao zinakutana, si anaposikia mlio, kwa sababu mlio huchelewa kumfikia mtu aliyesimama mwisho wa mita mia. Mambo hayo aliyafuata kama sala.

Mdogo wangu alikuwa na kitu kimoja ambacho kocha hakuwahi kukiona kwa mtu mwingine. Katikati ya mbio wasichana wengine walikuwa wazuri kama yeye, na mwishoni wawili walimzidi. Lakini pale mwanzo hakuna aliyemgusa. Mbao zikilia, wenzake wanasikia, yeye ameshaondoka. Kocha alinishutumu kwamba namkonyeza. Akanigeuza nimpe mgongo. Ikawa vilevile. Basi akasema ni kipaji cha Mungu, akaacha kuuliza.

Jumapili moja krono ilisema sekunde kumi na moja nukta saba. Kocha aliiangalia, akaangalia kitambaa, kikawa kimening'inia tu. Alichukua utepe wake akaenda kuipima barabara upya, mita mia yote, sisi tumesimama tunamwangalia. Aliporudi alikaa chini ukingoni mwa barabara, mzee mzima na suruali yake safi, akasema muda huo ukipatikana kwa saa ya umeme, rekodi ya wanawake ya nchi hii iko hatarini. Na shule moja ya nje ilikuwa imemwahidi mdogo wangu: akiukimbia mahali penye saa ya umeme, watamchukua asome na akimbie kwa gharama zao. Kwa mkono haukuhesabika. Ulibaki kwenye daftari la kocha.

Mashindano yenye saa hiyo yalikuwa katika nchi ya jirani. Wiki tatu kabla ya safari, kocha aliniita kando.

"Dada, kule wanatumia bastola. Lazima tumuzoeshe. Nitaomba ruhusa, twende mbali na watu. We ndiye utapiga, maana sauti yako ndiyo anaijua."

"Apana, kocha. Hiyo kitu mi siishiki."

"Bon, basi nitapiga mi mwenyewe."

"Apana. Huyu mutoto ameisikia ya kutosha. Hata kwa simu musimusikilizishe."

Mdogo wangu alikuwa amechuchumaa anafunga kamba za viatu, na alisikia yote. Akainua kichwa. "Dada, mi naweza. Tujaribu tu."

Nikamwambia anyamaze, wakubwa wanaongea.

Mimi nina kichwa kigumu, hata mama anasema, na nikishasema apana hata maaskofu hawanitoi hapo. Kocha alinyanyua mikono. Nilijiambia namlinda. Ukweli ni kwamba neno lenyewe tu, bastola, lilinifanya nitake kuondoka pale. Nilijihurumia mimi, nikamsingizia yeye. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na mimi sikumruhusu hata aamue kama atalia.

Walikwenda kwa basi, yeye na kocha. Ofisini walininyima ruhusa. Wiki nzima nilikuwa nimewasumbua wenzangu kwa majigambo: mdogo wangu hivi, mdogo wangu vile, ninyi mnaokimbia mkisikia harufu ya chakula tu. Kwa hiyo siku yenyewe, saa ya chakula, simu yangu ilipolia na ikawa ni video kutoka kwa kocha, walikuja wote wakanizunguka.

Inaanza vizuri. Wasichana wanane wameinama kwenye mistari yao, yeye wa tatu kutoka kushoto, na jezi yetu inamkaa vizuri. Mwanzishaji amevaa kofia nyekundu. Mkono uko juu. Mlio ule ulitoka kwenye simu, na mimi nikashtuka kwenye kiti changu. Wasichana saba wakaondoka. Mdogo wangu alilala. Hakuteleza wala hakujikwaa. Alilala kifudifudi kwenye mstari wake, shavu chini, mikono miwili juu ya kichwa, upesi kiasi kwamba wale saba walikuwa bado hawajanyooka. Halafu akageuza uso upande wa kushoto. Uwanja ule ulianza kucheka. Video ikakatika.

Ofisini kwetu hakuna aliyecheka. Kisha mhasibu wetu, baba mmoja mwenye mvi ambaye kwa wiki nzima ndiye aliyenitania kuliko wote, akasema polepole, "Mi pia ningelala." Akarudi kwenye meza yake. Chakula chake hakukigusa.

Tukio hilo watu wengine nao walilipiga video, ikazunguka. Niliyasoma maneno yaliyoandikwa chini yake na watu wa mbali, nikajuta kujua kusoma. Kwenye matokeo ya saa ya umeme, wasichana saba walikuwa na sekunde zao, na mbele ya jina lake kulikuwa na kistari.

Sasa niseme jambo ambalo kocha hakulijua. Miaka kumi nyuma kulikuwa na miezi ambayo risasi zililia mtaani kwetu mchana kweupe. Baba alikuwa ametangulia mbele ya haki. Mama alikuwa mpishi kwenye villa moja mtaa wa Kinindo, na barabara zikifungwa alibaki huko, siku mbili, hata tatu. Nyumbani tulibaki wawili, mimi wa miaka kumi na tisa, yeye wa tisa. Katikati ya nyumba kulikuwa na ujia mwembamba, na kila mtu alijua somo lile: weka kuta mbili kati yako na barabara, lala chini, mikono kichwani. Lakini mara ya kwanza mdogo wangu alikakamaa mlangoni, macho yamemtoka, na nilimvuta kwa nywele.

Baada ya hapo nikabuni mchezo. Mlio wa kwanza ukisikika, atakayelala wa kwanza ujiani ameshinda. Mshindi analamba kijiko cha sukari. Siku za mwanzo nilimwachia ashinde. Baada ya wiki mbili nilikuwa najitahidi kwa nguvu zangu zote na simpati. Mimi bado naweka sufuria chini, yeye ameshalala, anageuka kuniangalia na kucheka kwamba nimechelewa tena. Nilimlalia juu, nikampigapiga mgongoni, nikamsifu. Nilimsifu sana, kwa sababu nilitaka asisikie kilichokuwa kinaendelea nje. Kile kipaji alichosema kocha ni cha Mungu nilikifunza mimi, kwa sukari, kwenye sakafu ya saruji.

Walirudi Jumanne. Kocha hakutulia. Wiki iliyofuata alikuja nyumbani amevaa koti, ruhusa ya bastola iko mfukoni ina mhuri, akasema tuanze upya, mwaka ujao upo. Nilitaka kumwambia kwamba safari hii nitaishika mimi mwenyewe. Mdogo wangu alimpa kiti, akamletea chai, akampa kwa mikono miwili kwa heshima. Akamwambia, "Kocha, urakoze sana, asante kwa yote. Mi sitakimbia tena." Alisema kama mtu anayesema duka limefungwa. Mzee alikunywa ile chai yote ndipo akaondoka, na barabarani nilimwona anajifuta macho.

Jioni tulikaa uani tunachambua mboga za lengalenga. Nilikuwa nimetunga maneno yangu siku nzima, ya kumtuliza, kwamba uoga si aibu. Akaniwahi.

"Dada, we unafikiri niliogopa."

"Ulishituka tu. Kila mutu angeshituka."

"Apana. Sikuogopa hata kidogo." Alikuwa anakata mashina, haniangalii. "Nilisikia raha. Nililala, nikajua nimeshinda, nimekupita. Nikageuka nikuangalie, nikuone umechelewa. Nikaona miguu ya wale wengine inaenda."

Nilimwomba msamaha. Aliniuliza wa nini, na aliuliza kweli, hakuwa na kejeli hata chembe. Nikafungua mdomo nimweleze, kikatoka kilio ambacho sikuwahi kukilia hata katika miezi ile. Yeye, mdogo wangu, akasukuma sinia la mboga pembeni, akanilaza kichwa mapajani mwake, akawa ananipigapiga mgongoni na kuniambia yamekwisha, dada, yamekwisha.