Jicho la Bi Mwanaidi

Siku ya kwanza kazini, katika hospitali ya Chang'ombe, sikupewa dawa yoyote. Bwana Daktari, Mwingereza asiyependa maneno mengi, alinipa kibano na kunikalisha mbele ya mzee mwenye vikope. Huo ni ugonjwa unaokwaruza kope kwa ndani, mwisho nywele zake hugeukia jichoni na kulisugua. Nikazing'oa moja moja huku mzee akinitukana.

Baada ya miaka michache pale Chang'ombe nilihamishiwa Gongo la Mboto, zahanati ya chumba kimoja, mimi dresa, mfunga vidonda na mgawa dawa, peke yangu. Huko ndiko nilikochoka. Mtu jicho limemuuma mwezi mzima, ameshatiwa maziwa ya mzazi na maji ya majani, ndipo anakuja kuniuliza mbona dawa yangu haifanyi kazi!

Siku moja akaja Juma, fundi cherehani. Dada yake, Bi Mwanaidi, msusi wa mikeka, alichomwa na ukindu jichoni, na jicho limekuwa jekundu. Nikamwambia amlete.

“Dada yumo edani, bwana dresa. Kafiwa na mumewe, hatoki mpaka miezi minne na siku kumi.”

Mimi mtu wa bara, Mkristo, eda niliijua kwa jina tu. Bwana Daktari alipokuja ukaguzi nilimwomba ruhusa nimpelekee marhamu nyumbani. Akajibu bila kuinua kichwa: “Marhamu haitoki hapa. Mgonjwa aje kama wengine.”

Juma alirudi mara mbili, mara ya pili akisema jicho limeota doa jeupe. Nilimgombeza, nikamwambia mficha uchi hazai, akaenda zake.

Eda ilipokwisha Bi Mwanaidi alikuja mwenyewe. Doa lilikuwa limekuwa kovu, limefunika mboni yote. Nilipitisha mkono mbele ya jicho lile, hakuuona.

Nilipandwa na hasira, nikaenda moja kwa moja kwa shehe wa msikiti uliokuwa ng'ambo ya barabara, nikamweleza jinsi eda yao ilivyompofusha mtu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

“Mgonjwa aliye edani anaruhusiwa kwenda kutibiwa,” alisema. “Juma hakujua. Lakini wewe dresa, jicho ulijua litaharibika. Mbona hukuja kuniuliza?”



Sasa nimestaafu. Vijana wa zahanati hunijia wakilalamika kwamba wagonjwa wanachelewa. Ni kweli, wanachelewa, na inaudhi. Nami huwauliza wao wenyewe wamewafuata wagonjwa hao mara ngapi. Kwa Bi Mwanaidi palikuwa mwendo wa dakika kumi, na sikwenda hata mara moja.