Jina la Torpekai

Wasil, mtoto wa dada yangu marehemu, alimruhusu dada yake Torpekai kufanya kazi kwa sharti moja tu: uso wake usionekane. Taliban walikuwa wameondoka, Kabul tumepata televisheni isiyo ya serikali, na binti alikaa chumba cha nyuma akikata na kuunganisha picha. Sharti alilishika. Ila siku moja kipindi kilipokwisha, majina ya waliokitengeneza yakapita kwenye kioo, na lake likiwemo.

Kwetu jina la mwanamke halitoki nje ya nyumba. Hata kwenye kadi ya harusi yake haliandikwi. Ni binti wa fulani, basi. Kulipokucha mwokaji mikate akamuuliza Wasil mbele za watu, Torpekai hajambo? Kijana akarudi bila mkate, kafura. Akasema kazi basi, la sivyo waandike "dada wa Wasil". Mimi niliyewalea nikamsihi binti akubali, jina halimlishi mtu. Akakubali huku analia.

Lo, Wasil alivyovimba kichwa! Kila kipindi kikikaribia kwisha anasogea na chai yake, anangoja kujisoma.

Kisha kipindi kimoja cha Torpekai kikaonyesha wasichana wanaotolewa kuolewa ili kulipia damu ya mtu aliyeuawa. Kamanda mmoja akajitambua humo. Watu wake wakaja mtaani wakimuulizia Wasil kwa jina, wakampiga mpaka mkono ukavunjika, wakaahidi kurudi.

Siku ya tatu nilikuwa namlisha supu kwa kijiko, Torpekai akaingia kutoka kazini. Wasil hakumtazama.

"Dada, waambie waandike jina lako," alisema. "Mimi sijatengeneza kitu. Wananionea bure."

Nilitamani kummwagia ile supu. Mwanamume mzima, juzi jina la dada yake lilikuwa aibu, leo anataka kujificha nyuma yake! Nikamwambia Torpekai asithubutu, watamuua.

Torpekai aliketi kitandani, akampangusa kaka yake kidevu.

"Niliwaambia siku ileile uliyopigwa," alisema. "Kesho linatoka."

Nikaliweka bakuli chini, nikaenda kukomea mlango.