Mama Alipofungua Mzinga, Mtaa Mzima Ulijua

"Dada, saa hizi ndiyo mwanga mzuri."

Maneno hayo aliniambia Fredi, jirani yangu hapa Igogo, Jumamosi saa nane mchana, amevaa lile vazi lake jeupe la nyuki kama mtu anayesafiri kwenda mwezini. Wakati huo mwanangu Minza, wa miaka mitatu, alikuwa ndani analia, jicho limevimba mpaka limefunga. Muda mfupi kabla ya hapo nilikuwa nafua uani na mtoto yuko kwenye beseni, povu kichwani. Nikasikia mvumo ninaoujua tangu utoto. Huo si mvumo wa nyuki wanaokwenda zao kwenye maua, ni wa nyuki waliovunjiwa nyumba. Nilimfunika mtoto kwa shuka lililolowa nikakimbilia ndani, lakini watatu walishamfikia, mmoja kwenye kope na wawili sikioni. Nikamtoa miiba kwa ukucha, nikampaka kitunguu. Nyuki walipotulia nikajifunga kitenge usoni, nikaenda kumuuliza huyu kijana ni nani aliyemwambia mzinga unafunguliwa mchana kweupe watoto wakiwa nje. Akanijibu habari za mwanga. Alikuwa anajirekodi video.

Hiyo ilikuwa mara ya tatu. Mara ya kwanza nilinyamaza. Mara ya pili nilimwambia kwa upole, akasema "poa dada." Mara ya tatu uvumilivu wangu ukaishia pale pale, kwenye neno mwanga.

Sasa nyie wenzangu mliozaliwa miaka ya tisini, hasa mliokulia ng'ambo ya ziwa kule Sengerema kama mimi, nawaandikia nyie kwa sababu mtanielewa. Wengine wakisikia nyuki uani wanafikiri ni wazimu. Kwetu nyuki walikaa nyuma ya jiko kama kuku walivyokaa kwenye banda. Mama alikuwa na mizinga minne. Miwili ilikuwa ya magogo, aliyoachiwa na baba yake, na miwili ya mbao, aliyotengenezewa na fundi wa pale sokoni. Baba alikuwa fundi baiskeli, mwanaume wa kifua kabisa, lakini nyuki aliwaogopa kuliko polisi. Siku ya kurina asali alikuwa anakumbuka ghafla kwamba ana mteja mahali.

Nakumbuka makundi ya nyuki yaliyokuwa yanapita baada ya mvua, wakati kila mti una maua. Tulikuwa tunacheza rede barabarani, mara unasikia kitu kama lori linakuja mbali, unatazama juu unaona wingu jeusi linajikunja. Mchezo uliishia hapo. Tulikuwa tunalifuata mbio, kila mtu na kopo lake, tunagonga huku tunapiga kelele, maana tuliamini nyuki wakisikia kelele wanatua. Mama alikuwa anacheka anasema, "Wanatua kwa sababu wamechoka, na nyie mngechoka hivyo tungepumzika." Lakini hakutuzuia kugonga.

Wakitua mahali, labda kwenye mlimau wa jirani, walining'inia kama ndevu za mzee, wameshikana wao kwa wao. Mama alikuwa anafika taratibu na tenga kubwa alilolipaka nta kwa ndani na kulisugulia mchaichai. Analiweka chini ya tawi, anasema nao kwa Kisukuma kwa sauti ya chini kama anabembeleza mtoto, halafu analitikisa tawi mara moja tu, kwa nguvu. Puu! Ndevu zote zinaangukia ndani ya tenga. Sisi tuko mbali tumeziba midomo. Kisha anakaa kusubiri. "Malkia akiwa ndani, hawa wengine wataingia wenyewe," anasema. Na kweli, waliobaki nje walikuwa wanaingia wakifuatana, utadhani watoto wa shule wamesikia kengele. Jua likianza kuzama anawapeleka kwenye mzinga mtupu. Kesho yake asubuhi, kabla sijachukua dumu langu la maji na fagio la kupeleka shule, naenda kuchungulia kama wamekubali kukaa.

Na asali yenyewe! Leo mtoto ukimpa asali anauliza ipo kwenye mkate gani. Sisi tulikuwa tunachovya michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa, ya moto, tunatafuna na sega zima, nta tunaitema baada ya nusu saa, taya zinauma. Hakuna aliyekuwa na simu ya kupiga picha hiyo sahani. Ungechelewa kidogo kula, kaka zako wangemaliza.

Ila kabla ya asali kulikuwa na kazi yangu. Mama hakufungua mzinga hata siku moja bila majirani kujua. Alifungua jioni tu, jua likiwa linakaribia kuzama, na mimi ndiye nilipita nyumba kwa nyumba kuanzia saa tisa. Nilikuwa na maneno yangu kichwani, na mpaka leo nayajua: "Shikamoo. Mama anasema leo jioni anafungua nyuki. Mnaomba muingize watoto na mbuzi, na nguo msianike." Nilikuwa nakosea vile vile kila siku, "mnaomba" badala ya "anaomba," na watu walikuwa wananisubiri nifike hapo wacheke. Mwenye genge alikuwa anajibu, "Marahaba. Mwambie mama yako mbuzi sina, ila kikombe cha asali ninacho, kitupu." Kesho yake kila nyumba niliyopita ilipata kipande cha sega kwenye jani la mgomba. Nilimuuliza mama siku moja kwa nini tunahangaika hivyo. Akasema, "Nyuki siwezi kuwaambia kitu wakanisikia. Majirani naweza."

Siku moja niliruka nyumba moja. Nilikuwa na miaka kumi. Nimepita kote, imebaki nyumba ya Bibi Ngolo, yule mjane aliyekaa mwisho kabisa wa njia, na hapo katikati nikakuta wenzangu wanacheza mdako. Nikasema nacheza raundi moja. Mnajua raundi moja ya mdako inavyokuwa. Nilipokumbuka, moshi wa samadi kavu wa kutulizia nyuki ulikuwa umeshapanda kutoka nyuma ya jiko letu, nikajisemea Bibi Ngolo yuko mbali, nyuki hawafiki.

Walifika. Mbuzi wake mmoja, jike, alikuwa amefungwa kamba kwenye kigingi. Asiyefungwa anakimbia, aliyefungwa hana pa kwenda. Sitaeleza zaidi. Sauti yake ninayo mpaka leo.

Asubuhi mama alinishika mkono tukaenda. Nilijua atasema, "Huyu mtoto nilimtuma hakufika," nikawa nimeshajiandaa kulia. Mama alipiga magoti mbele ya Bibi Ngolo, akasema, "Mama, nyuki ni wangu na kosa ni langu." Basi. Jina langu hakulitaja. Bibi Ngolo alinitazama mimi, akamtazama mama, akasema, "Inuka, mwanangu, nimesikia." Tulipofika nyumbani mama alifungua zizi, akamtoa mbuzi wangu mweupe niliyemlea tangu mdogo, akanipa kamba mkononi nimpeleke mwenyewe. Hakunichapa. Njia nzima nililia, na nilipofika nikasema shikamoo, nikakabidhi kamba.

Kwa hiyo nikisema nimemkasirikia Fredi, mjue simkasirikii kama mtu asiyewahi kukosa. Namkasirikia kama mtu anayejua nyumba moja uliyoiruka inaweza kukugharimu nini. Na safari hii aliyekuwa hana pa kwenda alikuwa mwanangu, kwenye beseni.

Jumapili watu wa hapa uani walikaa kikao. Baba mmoja mpangaji akasema, "Tumalize. Lita mbili za petroli, kiberiti, kwisha habari." Wenzake wakaitikia. Fredi alikuwa amesimama pembeni, na bila lile vazi lake ni kijana mwembamba tu wa miaka ishirini na tatu, amemaliza chuo, kazi hakupata, mizinga hiyo mitatu ndiyo kazi yake. Macho yalikuwa mekundu.

Nikamuuliza, "Nani alikufundisha nyuki?"

"Simu, dada."

"Simu ilikwambia nyuki wa hapa unawafungua saa nane mchana?"

"Wa kwenye video walikuwa wapole."

Watu wakacheka, na mimi nilicheka huku nimekasirika. Wa kwenye video ni wa huko Ulaya, wamefugwa mpaka wamesahau ukali. Hawa wetu, wa kwenye mawe ya Igogo, hawajasahau kitu. Kijana wa watu hakuwa na wa kumwambia. Ana watu maelfu wanaomwangalia kwenye simu, na hakuna hata mmoja wa kumtuma akapige hodi. Sisi tulikuwa na mama mmoja na majirani kumi na wawili, tukajua tunachofanya. Siku hizi unavuka Busisi juu ya daraja, dakika chache uko Sengerema, lakini nikifika kule nyuma ya jiko letu pamejengwa fremu za maduka, na mwenye kubisha hodi kwa ajili ya nyuki hayupo tena.

Jumatatu nikaenda ofisi ya mtaa. Mtendaji, mama mmoja mwenye haraka, akanisukumia karatasi. "Andika tu nyuki ni hatari wachomwe, nigonge mhuri. Wenzako wameshakuja kusema hivyo hivyo."

"Sikuja kwa ajili hiyo."

"Si mwanao ndiye aliyeumwa?"

"Ni wangu. Ndiyo maana naandika mwenyewe."

Akanitazama, akanipa kalamu. Nikaandika kama tulivyofundishwa sekondari, na hii hapa ndiyo nakala yangu:

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA JIRANI YANGU FREDI, MFUGAJI WA NYUKI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkazi wa mtaa huu na mama wa mtoto mmoja. Nalalamika kwamba jirani yangu amefungua mizinga ya nyuki mara tatu mchana, watoto wakiwa nje, bila kumwambia mtu. Mara ya tatu mwanangu ameumwa jichoni. Jicho limeanza kufunguka.

Naomba ofisi imwamuru ahamishie mizinga kule juu kwenye mawe, mbali na nyumba, na asiifungue tena mpaka apite kila mlango yeye mwenyewe kwa miguu yake. Ujumbe wa simu usikubaliwe.

Naomba pia ofisi izuie mizinga hiyo kuchomwa moto. Silalamiki dhidi ya nyuki. Ikichomwa, nitarudi hapa na malalamiko ya pili, dhidi ya aliyechoma.

Kazi ya kuhamisha ifanyike jioni. Nitaisimamia mimi, kwa kuwa mlalamikiwa hajui, na mimi nilifundishwa.

Wako,
Mama Minza