Kilima cha Mama

Juzi tukitoka kanisani Cedar Hill, mji wenye vilima mbali na Houston, mamangu aliniambia, "Simamisha gari. Hiki kilima nitakipanda kwa miguu." Nikakumbuka mchana ule Italia, tulipoenda kumtembelea mama mdogo.

Mji ulikaa juu kabisa ya kilima, wote wa mawe, ukinukia mkate na moshi wa kuni. Mimi nililelewa Alief, mtaa wa Houston ulio tambarare kama meza, ambako mvua ikizidi maji huingia sebuleni.

"Kwani mafuriko yao yalifika wapi hata wakajenga huku juu?" niliuliza.

Mama mdogo alicheka mpaka akashika ukuta. Mama hakucheka. Alikuwa amevua viatu, amesimama juu ya yale mawe yenye joto, machozi yakimlengalenga.

"Mom, umechoka? Turudi kwa gari."

"Sijachoka. Twende."

Nilidhani miguu inamuuma, nikamsukuma mgongoni hadi juu. Sikujua kwamba alikulia milima ya Taita, na tangu tuhamie Houston hakuwa amepanda hata kilima kimoja.

Juzi niliegesha gari nikamfuata polepole. Katikati ya kilima akasimama, akageuka.

"Sasa mbona hunisukumi?"