Waziri Aliyewatetea Watu wa Mbali

Redio ilitangaza kifo cha waziri wetu wa zamani Jumanne, na tangu hapo sijasikia ila sifa: mwanadiplomasia hodari, waziri mwaminifu, mtu wa busara. Nilimfahamu miaka mingi na nimehuzunika. Lakini sifa hizi zimenichosha, kwa sababu kila anayezitoa anaruka mahali pale pale.

Uhodari ulikuwepo, sikatai. Miaka ya kwanza ya uhuru, akiwa balozi wetu ng'ambo, alisimama mbele ya mataifa makubwa akawatetea Waafrika wa kusini waliokuwa wakifukuzwa makwao na nyumba zao kubomolewa. Hotuba yake ilisomwa redioni, na kwetu Kawangware watu waliacha kazi wakasikiliza. Jirani yangu, fundi viatu, alimpa mwanawe jina la balozi.

Kisha akarudi, akafanywa waziri, akajenga nyumba yake Riruta, jirani na kwetu. Asubuhi moja ya mvua matingatinga ya serikali yaliingia mtaa wa Lindi, kule Kibera. Wapangaji waliobomolewa vyumba walitembea mpaka kwake, nami nikafuatana nao kama mwandishi wa habari. Aliwakaribisha sebuleni, akaagiza chai, akasikiliza bila kumkata mtu kauli. Msemaji wao, mama muuza samaki aliyetoka upande wa ziwa, alieleza yote, kisha akangoja.

“Nimewasikia, mama,” waziri alisema. “Jambo hili ni zito. Litaangaliwa.”

“Kusikia umesikia, mheshimiwa. Sasa mkikaa huko na mawaziri wenzako, utasema nini?”

“Mtu aliye serikalini haikosoi serikali hadharani.”

“Mimi sijasema hadharani. Nimesema huko ndani.”

Waziri alitazama saa yake. Mama akaweka kikombe chini, chai ingali imejaa, akawaambia wenzake, “Twendeni tutafute pa kulala.” Wengi waliishia Kawangware, familia mbili chumba kimoja.

Mimi nilibaki nyuma nikamuuliza mbona ng'ambo alisema. Alinijibu bila haya, “Kule nilikuwa nazungumzia serikali ya watu wengine.”

Miaka michache baadaye aliachishwa kazi kupitia taarifa ya habari ya saa saba, akiwa mezani anakula. Nilipokwenda kumpa pole nilimkuta amefura kwa hasira. “Miaka yote hii nimekaa na mawaziri wenzangu, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo kunitetea!” Nilimuuliza alitaka waseme nini, na wapi. Akaniambia sina adabu. Hatukuonana tena.

Sasa atazikwa kwa heshima zote, na vijana wataambiwa wafuate nyayo zake. Naomba wasizifuate zote. Kumtetea mnyonge wa nchi nyingine ni kazi njema, lakini haimpotezei mtu kiti chake. Ujasiri wa kiongozi upimwe hapa nyumbani, mbele ya wanaoweza kumfuta kazi. Marehemu alijaliwa ulimi ambao wengi wetu hatukupewa, akaufungia pale ulipohitajika zaidi. Angekuwa bubu, ningemsamehe.