Firigisi ya Nambari Moja

Mwezi jana mwalimu wa binti yangu hapa Kitale alituma ujumbe kwenye kundi la wazazi: watoto wa gredi ya tano watakuwa wakibaki shuleni hadi saa kumi na mbili jioni kwa tuisheni, na wazazi watoe kitu kidogo. Wenzangu wakajibu amina, amina. Mimi niliweka simu juu ya gunia la mahindi, nikaona aibu nikiwa peke yangu jikoni. Rafiki yangu, nilikuwa nimeukumbuka utoto wangu kule Bungoma.

Nililelewa na nyanya, nje kidogo ya mji, mahali tuliposikia garimoshi likipiga honi huku tukipukuchua mahindi. Wakati ule tuisheni ilikuwa ya wachache. Kengele ya mwisho ikilia, wengine walikimbilia nyumbani kuteka maji na kufunga ng'ombe, nasi watoto kumi hivi tukabaki na mwalimu wa hesabu, mtu mpole aliyenukia chaki na sabuni ya kipande. Nyanya alinilipia kwa mayai, mara nyingine gorogoro mbili za maharagwe. Kazi zangu za jioni alizifanya yeye, na mgongo wake ule mbovu.

Darasani mchana niliketi deski moja na msichana wa jirani. Huyo alikuwa kichwa kwelikweli. Hesabu iliyonitoa jasho aliimaliza huku akipiga miayo, kisha akanichorea vijiti pembeni mwa daftari hadi nielewe. Nambari moja ilikuwa yake tangu darasa la kwanza. Tuisheni hakwenda, maana kwao jioni ilikuwa ya kukamua ng'ombe.

Tulipofika darasa la sita, siku chache kabla ya mtihani wa kufunga muhula, mwalimu alituandikia maswali arobaini kule tuisheni. "Haya mshike vizuri," akasema, akafuta ubao haraka. Siku ya mtihani nikafungua karatasi nikakuta yale yale, hata lile la tangi linalojazwa na mfereji mmoja huku mwingine ukitoa maji. Sitakudanganya, nilifurahi. Nikawa nambari moja, yeye akawa wa tisa.

Nyanya akachinja jogoo. Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba, mwanamke haigusi, lakini jioni hiyo aliiweka kwenye sahani yangu mbele ya majirani wote. "Leo mwanamume wa hii nyumba ni wewe," akasema, nao wakapiga makofi. Msichana wa jirani alikuwa kando yangu, anamega ugali wa wimbi polepole.

"Ile ya tangi ulifanyaje?" akaninong'oneza. "Mimi ilinishinda kabisa."

"Si nilisoma tu kwa kitabu."

Akaniamini, maskini, akaenda kutafuta kitabuni kitu kisichokuwemo. Mwaka mzima ikawa hivyo, maswali ya mtihani yakitangulia kufika tuisheni, nami nimenyamaza. Mwishowe baba yake akasema mtoto amerudi nyuma, heri akamsaidie shangazi yake dukani Lwakhakha. Nikabaki na deski nzima.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Bungoma kuitazama nyumba ya nyanya. Nyanya hayupo tena, zizi limelimwa sukumawiki, na watoto wa pale hupita jioni wakiwa na mabegi mgongoni, wamechoka. Hakuna anayepukuchua mahindi. Nikiwa sokoni nikasikia naitwa. Alikuwa yule msichana wa jirani, sasa mama mzima, anauza ndizi, na binti yake ameshika sketi yake.

"Huyu ndiye alikuwa ananishinda darasani," akamwambia mtoto, anacheka kwa fahari. Kisha akanivuta kando. "Dadangu, wewe ulisoma. Wanataka huyu wangu aingie tuisheni. Niko na mbuzi moja tu. Niuze, ama ni bure?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema yote. Mtoto alikuwa ananitazama, na mama yake alikuwa bado ananionea fahari.

"Inasaidia," nikasema.

Akanishukuru mara tatu, akanifungia ndizi, na pesa zangu akazikataa.